Hot 100 ya mwaka 1998: hakuna singo dukani, huhesabiwi

Ukitafuta nyimbo zilizotamba Marekani mwaka 1998, utakachokutana nacho kwanza ni orodha ya mwisho wa mwaka ya Hot 100, yaani nyimbo 100 za juu za jarida la muziki la Billboard. Namba moja ni Too Close ya kundi la Next, namba mbili The Boy Is Mine ya Brandy na Monica, namba tatu You're Still the One ya Shania Twain. Shuka nayo mpaka namba 100, kisha panda tena. Torn ya Natalie Imbruglia hutaiona. Iris ya Goo Goo Dolls nayo haimo, na huo ni wimbo uliokaa wiki 18 kileleni mwa orodha ya redio ya Billboard hiyohiyo!

Hakuna aliyepitiwa. Sheria ya Hot 100 wakati ule ilitaka wimbo uwe unauzwa peke yake dukani, kama singo, ndipo mauzo yake na kupigwa kwake redioni vijumlishwe. Bila singo, hata ukipigwa na kila kituo kutoka New York hadi Los Angeles, unapata sifuri. Na lebo, yaani kampuni za kurekodi, zilikuwa zimeshapiga hesabu zao: mteja akiupata wimbo mmoja kwa dola chache, albamu nzima ataiacha. Basi wimbo unapelekwa redioni tu, na anayeutaka nyumbani kwake ataununua pamoja na mingine kumi asiyoijua.

Kama lebo zote zingefanya hivyo kwa kiwango kilekile, orodha ingepungua tu. Ila R&B na hip hop ziliendelea kutoa singo kwa wingi, huku roki na pop ya magitaa zikizificha ndani ya albamu. Kwa hiyo orodha imelalia upande mmoja. Kwa R&B ya mwaka ule ni ya kuaminika, na ukiwa na Usher, K-Ci & JoJo na Janet Jackson mkononi hujakosea. Kwa roki, iache.

Hata waliotoa singo walikuwa na ujanja wao. Wimbo unaachwa uchemke redioni kwanza, CD inafungiwa, halafu inaachiwa siku moja watu wakiwa wameshaisubiri vya kutosha. My Heart Will Go On ya Celine Dion iliingia moja kwa moja namba moja tarehe 28 Februari, ikakaa wiki mbili, ikateremka, maana nakala zilitolewa kwa kikomo. Mwisho wa mwaka iko namba 13. Hiyo ni katika mwaka ambao albamu ya filamu ya Titanic ilishika kilele cha Billboard 200, orodha ya albamu, kwa wiki 16 mfululizo. Anayekumbuka 1998 hawezi kukubali namba 13, na ana haki.

Kinachostahili sifa ni namna mwaka unavyojumlishwa. Pointi za kila wiki zinawekwa pamoja, hivyo anayedumu anamshinda anayelipuka. The Boy Is Mine iliongoza wiki 13, Too Close tano tu, lakini hii ya pili iliingia mapema na ikagoma kushuka. How Do I Live ya LeAnn Rimes haikuwahi kufika namba moja, ila ilikaa kwenye Hot 100 wiki 69, na hapa ni ya tano. Angalia tu kwamba mwaka wa Billboard wakati ule ulianza Desemba iliyotangulia. Ndiyo maana Candle in the Wind ya Elton John, mshindi wa 1997, bado iko namba nane.

Sheria ilibadilishwa katika toleo la 5 Desemba 1998, hesabu za mwaka zikiwa zimeshafungwa. Iris ikaibuka namba tisa. Torn, iliyoongoza redioni wiki 11, ilikuwa imeshapoa, ikaishia namba 42. Mtu akikwambia Torn haikuwa wimbo mkubwa kwa sababu ya hiyo 42, muulize ya tarehe ngapi.

Kama wewe ni DJ unaandaa usiku wa miaka ya tisini, chukua nyimbo 40 za juu za Hot 100 ya 1998, uziweke kando ya Hot 100 Airplay, ile orodha ya redio, ya mwaka huohuo. Iliyopo Airplay na haipo Hot 100, iongeze bila kusita. Nyingi zitakuwa za magitaa. Zenye kilele cha wiki moja au mbili, kama ya Celine, zipandishe. Za kuanzia Desemba zitafute kwenye orodha ya 1999, ikiwemo I'm Your Angel, iliyoshika namba moja wiki ileile sheria ilipobadilika.