TD-350/125 ya Soler & Palau: feni nzuri kwa nyumba mpya za Pwani, ila usiiachie mbio

Feni hii ya Kihispania hufungwa katikati ya bomba, juu ya dari, na jina lake linajieleza: 350 ni mita za ujazo za hewa kwa saa, kwa makadirio, na 125 ni kipenyo cha mdomo kwa milimita. Ina kasi mbili. Mwili wake ni wa plastiki, jambo kubwa kwa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi hula bati upesi. Sifa yake kuu ni vibano: ukivilegeza, sehemu yenye mota hutoka na mabomba yakabaki mahali pake. Fundi husafisha mapanga kwa brashi akarudisha, bila kugusa bomba wala kubomoa dari.

Nyumba inayolala madirisha wazi haiihitaji. Inayoihitaji ni ile ya madirisha ya alumini yaliyobana, AC ikiwaka usiku kucha na hewa ile ile ikizungushwa mpaka asubuhi.

Wengi huifunga ivute hewa chooni saa 24. Hilo ni kosa, tena kosa la gharama. Feni ikivuta, hewa ya nje huingia kwa kila mwanya: tundu la swichi, ukingo wa dari, nyuma ya kabati. Wakati wa masika hewa hiyo hutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 24 hivi kushuka chini. Ikikuta ukuta uliopozwa hadi 22, ukuta unatoka jasho na kuvu nyeusi inaota nyuma ya nguo. Igeuzeni isukume hewa ndani, kupitia chujio, kutoka mahali mlipopachagua: angalau mita 3 kutoka bomba la hewa la choo, jiko au jenereta. Choo kipewe feni yake ndogo ya lita 25 kwa sekunde, iwashwe mtu anapooga.

Kiasi je? Kanuni ya 62.2 ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na hewa cha Marekani, ni lita 0.15 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha lita 3.5 kwa kila chumba cha kulala na 3.5 nyingine juu yake. Nyumba ya mita za mraba 120 yenye vyumba vitatu vya kulala: 18 na 14, jumla lita 32 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 115 kwa saa. Feni hii hata kwa kasi ndogo inaweza kupita hapo, na kuzidisha kunaumiza. Kiasi hicho cha 115 peke yake, nje pakiwa na unyevu wa masika na ndani pakiwa nyuzi 25 kwa asilimia 60, huingiza takribani lita 22 za maji kwa siku. Kila mita za ujazo 100 za ziada kwa saa huongeza lita 19 hivi. AC kubwa kupita chumba hupoza haraka na kuzima kabla haijayakausha maji hayo. Ndogo ya inveta, inayokaa ikiwaka muda mrefu, inafaa zaidi.

Kupima hakuhitaji kifaa. Chukua mfuko wa taka wa lita 120, ubonyeze uishe hewa, uubane kwenye tundu la kutokea hewa ndani ya nyumba. Ukijaa kwa sekunde nne, umefika. Ukijaa kwa mbili, punguza kwa kilango cha bomba.

Tundu hilo lisielekee ukuta baridi wala lisipigwe na upepo wa AC, litadondosha maji na kuchora duara jeusi darini. Liweke juu ya AC, karibu na inapovutia hewa, ili vichanganyike. Bomba la kuingizia hewa liinamie nje kidogo, mvua isije ikarudi ndani. Bomba la flexi, lile laini la kukunjika, livutwe linyooke, maana likikunjamana hewa inakwama na mlio unapanda. Wavu wa mbu wa matundu madogo sana huziba kwa vumbi, hivyo chujio na wavu vyote viwe mahali mkono unapofika, vioshwe kila mwezi.

Kilango cha kuzuia hewa isirudi hununuliwa pembeni. Kinunuliwe siku hiyo hiyo, kabla dari haijafungwa.