Atla na JSTOR kwa mtafiti wa historia ya kanisa

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikitafuta makala za kitaaluma kuhusu Wadonati, wale Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga baada ya mvutano juu ya uaskofu wa Caecilianus kule Karthago mwanzoni mwa karne ya 4. Kazi hiyo imenipa nafasi ya kuzipima kanzidata mbili ambazo maktaba nyingi za vyuo huzilipia, yaani Atla Religion Database na JSTOR. Wengi huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili, ilhali ya kwanza ni faharasa na ya pili ni ghala, na anayetafuta ghalani bila faharasa huchoka mapema.

Atla ni kazi ya wakutubi wa teolojia wa Marekani, na asili yake ni faharasa ya kuchapishwa iliyoanza na majarida ya mwaka 1949. Mkono wa mkutubi bado unaonekana humo. Kila makala imepewa istilahi za somo, hivyo hata makala ambayo mwandishi wake ameipa jina la kishairi lisilowataja Wadonati popote hujitokeza mahali pake. Ukiandika Augustine kwa neno tupu, utaletewa Augustino wa Hippo akiwa amechanganyika na Augustino wa Canterbury, aliyefika Uingereza mwaka 597, na usishangae kukutana na mji wa St. Augustine ulioko Florida. Ukibofya istilahi yenye jina kamili na miaka 354–430, wageni hao wote huondoka kwa pamoja.

Kwenye kisanduku cha kutafutia, hata hivyo, kanzidata haimhurumii mzembe. Mimi nilianza na donat* nikijua kwamba kinyota kitaniletea kila neno lenye mzizi huo, na kweli kikaniletea: sadaka na michango ya waumini, maana donation nayo huanza hivyo, pamoja na mchongaji Donatello. Kuongeza herufi moja, donati*, kulimwondoa Donatello lakini michango ikabaki. Ni donatis* ndiyo iliyotulia, na uzuri wake ni kwamba inanasa pia maandishi ya Kifaransa na ya Kijerumani, kwa kuwa donatisme na Donatismus zote zina mwanzo huo. Donatus mwenyewe, askofu aliyewapa Wadonati jina lao, inabidi umwongeze kando kwa OR (yaani “au”), ukikumbuka kwamba kuna Donatus mwingine, mwanasarufi aliyemfundisha Hieronimo.

Kasoro inayoniudhi zaidi katika Atla ni mapitio ya vitabu. Kitabu kimoja kilichopokewa vizuri kinaweza kujaza ukurasa mzima wa matokeo kwa mapitio yake ya aya tatu tatu, na kichujio cha majarida yanayohaririwa na wataalamu hakikusaidii, kwa sababu mapitio hayo yamo ndani ya majarida hayo hayo. Dawa ni kuchagua aina ya andiko, makala peke yake. Kasoro ya pili ni kwamba taarifa nyingi hukuonyesha kuwa makala ipo bila kukupa makala yenyewe.

Hapo ndipo JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, inapopata heshima yake. Humo jarida la Church History linasomeka kuanzia toleo la kwanza la mwaka 1932, kurasa zikiwa zimeskaniwa kama zilivyochapwa. Kama chombo cha kutafutia, mimi siisifu: inapekua kila neno la kila ukurasa, hivyo tanbihi moja inayowataja Wadonati kwa kupita inatosha kuiingiza makala ya uchumi wa Kirumi katika orodha yako. Tena majarida mengi huzuiliwa miaka kadhaa, mara nyingi mitatu hadi mitano, kabla ya matoleo mapya kuingia. Asiye na chuo anaweza kufungua akaunti ya bure na kusoma makala 100 kwa mwezi kwenye skrini, na kwa faharasa akatumia Index Theologicus ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Tübingen, ambayo haidai malipo yoyote.

Mseto huo ulinifikisha nilikokusudia, isipokuwa kwa makala moja kuhusu mkutano wa Karthago wa mwaka 411, uliowakutanisha maaskofu Wakatoliki na Wadonati. Atla iliitambua mara moja, JSTOR haikuwa nayo, nami nikaiagiza kwa azimo kati ya maktaba. Ilifika baada ya siku nne, imeskaniwa vizuri sana, ila ukurasa wa mwisho, wenye tanbihi nilizozihitaji, haukuwamo.