Mwalimu wa mbwa wa kondoo anayekuja shambani: maoni yangu kutoka Kamulu

Mwalimu huyu anatoka upande wa Karen na kazi yake ni moja tu: kufundisha mbwa wa kuchunga kondoo, hapo hapo shambani kwako, na kondoo wako, na mtu wako anayewachunga. Jina lake siliweki kwa sababu ameniomba nisiliweke, ila wafugaji wa kondoo wa Karen na Kiserian wanamjua, ukiulizia utafika. Tumemaliza naye mafunzo ya mbwa wetu, Border Collie jike tunayemwita Duma, na nasema bila kusita kwamba pesa yangu ilikwenda mahali pake. Yako mambo aliyoyaacha, nayo nitayataja.

Sisi tuko Kamulu, kando ya barabara ya Kangundo. Kondoo wetu ni Dorper waliochanganyika na wale wekundu wa Kimaasai, kwa kuwa Dorper ana mwili na mwekundu anahimili minyoo. Ploti yetu haitoshi malisho. Kama wafugaji wengi wa huku, tunategemea viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, na katikati ya viwanja hivyo kuna machimbo ya mawe, kuna sukuma za mama jirani, na kuna bodaboda zinazokata njia popote. Kuwarudisha kondoo jioni kulikuwa kunahitaji watu watatu, mmoja wao mtoto ambaye saa hizo angepaswa kuwa anafanya kazi ya shule. Mvua ikinyesha, huu udongo mweusi unanata kwenye gambuti mpaka mguu haunyanyuki, na kondoo akijua huwezi kumkimbilia anaingia moja kwa moja kwenye sukuma. Hiyo ndiyo kazi niliyomtakia mbwa.

Hapa Nairobi mtu akisema amepata mbwa, swali la kwanza ni kama anauma. Border Collie, au koli kwa kifupi, hakuzalishwa kwa hilo. Anatoka kwenye vilima vya mpakani mwa England na Scotland, na karibu wote waliopo leo ukoo wao unafika kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893 kwa mfugaji aliyeitwa Adam Telfer. Old Hemp alisifika kwa kuongoza kondoo kimya, kwa kuwakazia macho tu. Mwalimu alitusimulia haya akiwa ameegemea lango la zizi, kwa sababu alitaka kijana anayetuchungia aelewe kwamba Duma akiinama, akanyoosha shingo na kukodoa, si mgonjwa. Majirani walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ana kichaa. Kumbe ni mwindaji anayenyemelea, isipokuwa ile hatua ya mwisho ya kurarua imepunguzwa na wafugaji waliochagua wazazi kwa uangalifu kizazi baada ya kizazi. Kupunguzwa si kuondolewa, alituonya, na ndiyo maana anataka kamba ndefu mpaka yeye mwenyewe aseme sasa inatosha.

Kuna mfugaji mwenzangu huku aliyempeleka koli wake akalazwe kwenye mafunzo ya kawaida ya mbwa, yale wanayopelekwa German Shepherd. Alirudi anajua kuketi, kutoa mguu na kutembea kando ya bwana wake bila kuvuta kamba. Mbele ya kondoo hakujua aanzie wapi, na mchungaji hakujua amwambie nini. Kwa mbwa wa nyumbani yale mafunzo yanafaa. Kwa mbwa wa kazi, kondoo wenyewe ni nusu ya somo, na mchungaji ni nusu nyingine.

Kipindi cha kwanza Duma alibaki amefungwa. Mwalimu alimtaka kijana wetu ndiye awe mbwa. Akamwambia atembee polepole kuelekea kundi mpaka kondoo wa kwanza ainue kichwa, asimame, achome kijiti ardhini. Kisha asogee mpaka wote waanze kuondoka, achome kingine. Kati ya vijiti viwili ndipo mbwa anapofanyia kazi. Akiwa nje ya hapo kondoo wanamtazama tu, akivamia ndani wanatawanyika, na pale kwenye ukingo wanasonga kwa hatua za kawaida bila kuhema. Kijana alikulia Makueni akichunga mbuzi, akacheka. "Mwalimu, hii naijua tangu nikiwa mdogo." Mwalimu akamjibu, "Najua unaijua. Lakini Duma hajui kwamba unaijua."

Nilipenda sana jambo hilo. Walimu wengine niliokuwa nimeongea nao kwa simu waliniuliza umri wa mbwa na rangi yake. Huyu aliuliza habari za mchungaji: ametuchungia muda gani, ana mpango wa kuhama, anawapenda mbwa au anawaogopa. Akasema kama mchungaji ni wa kubadilishwa kila msimu, afadhali nisitumie pesa yangu.

Kipindi kilichofuata alikuja na mbwa wake mwenyewe, jike mzee mwenye mvi mdomoni, akamfanyisha kazi kwanza ili kondoo wetu wazoee kuongozwa na mbwa asiye na papara. Kondoo jike wenye watoto wachanga aliagiza watengwe. Jike anayenyonyesha hukabili mbwa uso kwa uso na kupiga ardhi kwa kwato, na mbwa mchanga akitishwa hivyo mapema, ama anakuwa mwoga ama anaanza kuuma. Alisema pia kwamba Dorper hawashikamani kama kondoo wa sufu, wakibanwa kidogo kila mmoja anashika njia yake, kwa hiyo mbwa wa kwetu lazima ajifunze kukaa mbali zaidi. Tangu siku ile nimewatazama kondoo wangu kwa jicho jingine, na ni kweli.

Ndipo Duma akaingia, kwa kamba. Koli huzaliwa na hamu ya kuwaweka kondoo kati yake na mtu wake. Waza uso wa saa: kundi liko katikati, mchungaji amesimama chini penye sita, mbwa anatafuta kumi na mbili. Mchungaji akisogea, mbwa naye anasogea kutafuta upande wa pili. Mafunzo yote ya mwanzo yamejengwa juu ya hamu hiyo moja. Kijana wetu alikuwa anatembea tu kinyumenyume, kondoo wanamfuata, na nyuma yao Duma anayumba kulia na kushoto akiwanyoosha, bila amri yoyote. Nilisimama pale nikasahau chai jikoni. Kumfunza kuzunguka kushoto na kulia kulikuja baadaye, na kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni kulala chini. Mbwa wa aina hii kukimbia hahitaji kufundishwa. Kusimama akiwa na kondoo mbele yake, hapo ndipo jasho lilipo, na mwalimu hakusogea hatua moja mbele kabla hilo halijakaa.

Waingereza hutumia filimbi bapa inayoshikwa mdomoni, na mwalimu anazo za kuuza. Alipomsikia kijana wetu akipiga mluzi kwa ulimi, akazirudisha mfukoni. Sauti moja ndefu, lala. Mbili fupi, zunguka kushoto. Moja inayopanda, zunguka kulia. Alitueleza kwamba kwa umbali mluzi unafika vizuri kuliko kuita, na kwamba mtu akikasirika sauti yake humfikia mbwa na hasira yake, akapata wasiwasi na kukaza mwendo wakati ulitaka apunguze. Angeweza kutuuzia kitu pale, hakufanya hivyo, na mimi kama mteja nililiona.

Kwangu mimi alikuwa na neno moja. "Mama, ukimwita wewe, mtoto naye akamwita, na kijana akapiga mluzi, amfuate nani?" Kwa hiyo kazini Duma ana mtu mmoja. Chakula anapewa na kijana, ugali wake wa omena na mabaki ya nyama iliyopikwa, na mimi ninapompita namsalimia kwa mkono tu.

Matokeo niliyaona jioni moja ambapo kondoo walikuwa wamesambaa upande wa machimbo na lori za kokoto zinapita. Kijana alibaki kando ya njia. Mluzi ukapanda, Duma akaondoka akizunguka mbali kabisa na kundi, tumbo likikaribia nyasi, akatokea kati ya kondoo na shimo. Mluzi mrefu, akalala. Kondoo walioinamia majani karibu na ukingo waliinua vichwa, wakamwona, wakageuka wenyewe kuelekea nyumbani. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyebweka. Mama jirani mwenye sukuma alikuwa amesimama uani kwake na leso begani, akaniita kwa mbali: "Huyo mbwa wenu akizaa, wangu mmoja!"

Kuhusu jua mwalimu ni mkali, na namshukuru. Kamulu iko chini kuliko Karen na kuna joto zaidi. Anaanza mapambazuko na kabla ya saa tatu amefunga kazi, hata kama mbwa bado anataka, kwa sababu koli hajui kujihurumia. Alitufundisha dalili: miguu ya nyuma ikianza kuburuta au kupishana, macho yakiwa kama ya mlevi, mbwa akiongozwa kulia akaenda kushoto, simamisha kila kitu, mpeleke kivulini, mpoze kwa maji. Karai la maji lazima liwepo malishoni. Alituonya vilevile kuhusu dawa ya minyoo ya kondoo yenye ivermektini. Baadhi ya mbwa wa ukoo wa koli wana kasoro ya kurithi inayofanya dawa hiyo iingie kwenye ubongo na kuwaua kwa dozi ambayo mbwa wengine wangeihimili. Asipewe kwa kukisia, na siku kondoo wakinyweshwa dawa mbwa afungwe asije akala kinyesi chao.

Sasa aliyoyaacha. La kwanza, hakugusia matumbo. Huku kwetu Krismasi na Idd kondoo wanachinjwa nyumbani, na mapafu au maini yenye malengelenge anatupiwa mbwa. Humo hukaa vichwa vichanga vya tegu anayekomaa kwenye utumbo wa mbwa, kisha mayai yake yakitoka na kinyesi yanawarudia kondoo na kutuingia sisi, yakajenga uvimbe kwenye ini na mapafu. Ni ugonjwa uliowatesa sana wafugaji wa Turkana. Mbwa anayeshinda na kondoo na kuchezewa na watoto anastahili somo hilo kabla ya mluzi. Daktari wetu wa mifugo ndiye aliyetupangia dawa ya tegu, prazikwanteli, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe.

La pili ni maisha ya mbwa akiwa nje ya kazi. Kondoo wanamhitaji asubuhi kidogo na jioni kidogo. Katikati ana akili ileile na hana pa kuipeleka, na Duma alianza kuchunga kuku, halafu pikipiki. Mwalimu alisema tu afungiwe. Kufungiwa ni lazima, maana koli akiachwa azurure kati ya kondoo mchana kutwa atawasumbua hadi wakonde, na wenye mimba waharibikiwe. Lakini kibanda peke yake hakitoshi. Sisi tulijipangia matembezi ya mchana na mtoto, mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa, na kibanda chenye ukuta mzima upande wa barabara ili asione kila bodaboda inayopita. Mteja anayelipa angepaswa kupewa mambo hayo kwenye karatasi.

Na usimwite ukitegemea ulinzi. Alinieleza hilo kabla hajachukua hata senti, nami nalirudia kwa sababu wengi wataulizia: koli hawezi fisi na hawezi wezi wa usiku. Usiku kondoo wetu wanalindwa na zizi la mawe lenye waya juu, taa, na mbwa wengine wawili wa kienyeji wenye kelele.

Malipo ni shilingi elfu tano kwa kipindi, na mafuta ya gari kwa anayekaa mbali, unatuma kwa M-Pesa kazi ikiisha. Kwa mwenye kondoo kumi ndani ya ua naona ni pesa nyingi kwa shida ndogo, kijana na fimbo wanatosha. Ukifika thelathini na zaidi, na malisho yako hayana uzio kama yetu, piga hesabu ya vibarua wa jioni kwa mwaka mmoja utaona. Hachukui mbwa mdogo ambaye bado hawezi kuwapita kondoo kwa mbio. Duma alipokelewa akiwa na miezi kumi. Akishamaliza vipindi, simu zake anazijibu usiku, wakati mwingine kesho yake, kwa hiyo maswali muulize akiwa mbele yako. Wakati wa masika mwambie mapema aje na gari la kupanda matope, au mkubaliane mtu wa kumpokea kwenye lami.