Vikao vinane kwa mnasihi wa Upanga

Kwa mwaka mzima tangu mdogo wangu afariki, sikupanda pantoni ya Kigamboni. Tulikuwa tukivuka pamoja kila asubuhi kwenda kazini, na baada ya msiba kifua kilinibana kila nilipoikaribia foleni ya abiria. Nikawa nazunguka kwa Daraja la Nyerere, nikilipa nauli zaidi na kufika nimechelewa, huku nikiamini kwamba kwa kukwepa hivyo nilikuwa napona. Ndipo nikaenda kwenye kituo kidogo cha unasihi huko Upanga, ambako nimemaliza vikao vinane vya tiba ya kukubali.

Tiba hii ilianza kujengwa katika miaka ya 1980 na mwanasaikolojia wa Marekani, Steven Hayes wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya mateso yetu hutokana na jitihada za kuikimbia hisia, kwa kuwa kila tunachokikwepa hutupunguzia mahali pa kuishi. Msibani nilikuwa nimeambiwa nipige moyo konde, nami nikadhani kukubali ni huko huko kujikaza. Mnasihi, kijana mtulivu ambaye muda wote aliniita dada, alinifafanulia kwa subira kwamba anayejikaza bado anapigana na huzuni, ila anapigana kwa siri, ilhali anayekubali huipa nafasi, huitazama imekaa wapi mwilini, kisha huendelea na jambo analolithamini hata kama bado inauma.

Katika kikao cha tatu alinitaka nijione kama dereva wa daladala ambaye abiria wake ni mawazo na hofu zake. Wanapiga kelele wakitaka ageuze gari. Akisimama kubishana nao, gari haliendi, na akiwatii, wao ndio wanaochagua njia. Mfano huu wa basi ni wa kawaida katika tiba hii, lakini kwangu, niliyekulia kwenye daladala za Mbagala, uliingia moja kwa moja. Zoezi lililonisaidia kuliko yote lilikuwa la maneno: badala ya kusema “nilishindwa kumtunza mdogo wangu”, nilifundishwa kusema “nina wazo kwamba nilishindwa kumtunza mdogo wangu”. Nililia sana siku hiyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kwamba lile lilikuwa wazo, na kwamba nilikuwa nimelibeba kama hukumu.

Kituo kina kasoro. Fomu ya kujiandikisha iko kwa Kiingereza pekee, jambo lisilofaa kabisa kwa mtu aliyefika akitetemeka, na ukuta wa chumba ni mwembamba kiasi kwamba nilisikia mazungumzo ya mapokezi. Hayo yarekebishwe, maana faragha ni sehemu ya tiba yenyewe.

Asiyemudu ada ajue kwamba mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa michoro, wa bure, unaotumia mbinu hizi hizi za kukabili msongo. Mafunzo ya vikundi yanayoendana nao yalijaribiwa nchini Uganda kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na dhiki yao ya kisaikolojia ilipungua. Hata hivyo, mwenye mawazo ya kujidhuru asianzie kwenye mwongozo wala kusubiri miadi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya kikao cha saba nilivuka kwa pantoni. Machozi yalinitoka tulipofika katikati ya maji, na mama mmoja aliyekaa kando yangu akanipa leso bila kuniuliza neno. Nilishuka Magogoni, nikapita soko la Feri kununua samaki wa nyumbani, kama tulivyozoea. Mama yetu hajakanyaga huko tangu msiba. Nimemwekea miadi Jumatatu ijayo, na fomu yake nitamsomea mimi mwenyewe kwa Kiswahili.