Kabati la nguo kwa mpangaji wa Tanga: lipi linunuliwe kwanza

Ukipanga chumba Ngamiani au Makorora, pesa ya kwanza ya kupendezesha nyumba itie kwenye mahali pa kuwekea nguo. Chumba chenye nguo zilizotundikwa misumarini hakipendezi, hata ukikitilia mapazia ya bei gani. Ila Tanga ni pwani. Hewa ina chumvi na unyevu, na masika ya Machi hadi Mei hukiumbua kila kilichotengenezwa ovyo. Halafu mpangaji huhama. Nimevipanga vitu hivi kwa kuangalia kipi kinastahimili unyevu na kuhamishwa.

Namba moja ni kabati dogo la mtiki la kuagiza kwa seremala. Muheza hapo jirani kuna shamba la miti la serikali la Longuza, linalojulikana kwa mitiki, kwa hiyo mafundi wetu wanaijua mbao hii. Mtiki una mafuta yake ya asili. Mchwa hauupendi moyo wake na unyevu hauupindi upesi. Nasema moyo, kwa sababu ule weupe wa pembeni huliwa kama mbao nyingine yoyote. Zione mbao kabla hazijapakwa vanishi, maana vanishi ya kahawia huficha weupe wote. Kama kabati limeshatengenezwa, chomoa droo uigeuze: chini na nyuma ndiko fundi asikopaka. Ukikuta vitundu vidogo vinavyotoa unga, liache.

Mgongo waweza kuwa wa plaiwudi ili bei ishuke, lakini fremu na miguu viwe mtiki mkavu. Bawaba zisiwe za chuma kitupu. Na mwambie fundi aliunge kwa skrubu, siyo misumari na gundi, ili siku ya kuhama lifunguliwe lipite mlangoni. Bado ghali? Agiza fremu na rafu bila milango, mbele utundike kanga mbili nzuri. Mimi naupenda mtindo huu kuliko milango: chumba kinapata rangi na nguo zinapata hewa.

La pili ni sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Panya haingii, linabebeka, na ukiliwekea mto juu mgeni anakaa. Adui yake ni kutu, inayoanzia pale rangi ilipochubuka, kwa hiyo kagua pembe zote na usiliweke sakafuni moja kwa moja.

Makapu ya ukindu yenye vifuniko nayapa nafasi ya tatu. Kwa mapambo hayana mpinzani. Weka humo shuka na vitu vya watoto, na uyaanike juani mara kwa mara, la sivyo yatashika ukungu.

Kabati la kitambaa na vyuma vyembamba ni la kujishikiza tu. Zipu hufa mapema.

La mwisho ni lile kubwa la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, lenye kioo, na najua ndilo linalovutia wengi dukani. Miguu yake hunyonya maji ya kudekia hadi ikavimba, na kila ukilifungua kuhama, matundu ya skrubu yanapanuka. Kama tayari unalo, liinue kwa vipande vya mbao, uliachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na lisikae kwenye ukuta unaopigwa na mvua.