Akwaria ya matumbawe ya lita 650: vifaa vilivyostahili hela yangu na nilivyoviacha dukani

Naishi Hamburg, na akwaria yangu ya maji chumvi imeingia mwaka wa pili. Wageni wakifika sebuleni huuliza mambo mawili: imegharimu kiasi gani, na hayo matumbawe ni mazima au ya plastiki. Ni mazima. Gharama ilikaribia euro 9,000 kabla hajaingia samaki hata mmoja. Naandika kwa anayetaka kufuga matumbawe. Anayetaka samaki peke yao anaweza kuishi bila nusu ya vifaa hivi.

Matumbawe magumu hujenga mifupa kwa kalsiamu na kaboneti iliyomo majini. Baharini viwango vyake havitikisiki, maji ni mengi mno. Sebuleni vinashuka kila siku. Kwa hiyo kila kifaa nilikipima kwa swali moja: kitayafanya maji ya kesho yafanane na ya leo? Kama ndiyo, nililipa bila kubishana sana. Kama siyo, nilitafuta cha bei ya chini au nikakiacha.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 150, upana 65 na kimo 60, kioo cha milimita 15, limetengenezwa kwa oda na karakana ndogo. Chini yake kabatini kuna tangi la pili linalobeba mashine zote. Ukitoa nafasi inayoliwa na mawe, maji ya matangi yote mawili ni lita 650 hivi. Sasa piga hesabu ya uzito: maji kilo 650, kioo zaidi ya kilo 130, kisha mawe, mchanga, kabati na tangi la chini. Unakaribia tani moja, na yote imekalia eneo lisilofika mita mraba moja. Sakafu za makazi Ujerumani huhesabiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Hiyo ni hesabu ya chumba kizima kikiwa kimejaa, haina maana kwamba akwaria itatumbukia kwa jirani siku ya kwanza, lakini si jambo la kukadiria kwa macho. Nilimlipa mhandisi wa majengo, akasoma michoro ya nyumba, akanionyesha ukuta wa kuliegemeza tangi na upande wa kulilaza. Alinitoza kama euro 300. Katika orodha yangu yote hakuna pesa iliyonipa usingizi mzuri kuliko hiyo. Mwenye nyumba alitaka barua ya mhandisi, na kampuni ya bima nayo ikaitaka. Kama umepanga nyumba, anza na hawa watu watatu ndipo uende dukani.

Jambo la pili ambalo wauzaji hulipitia haraka ni mabomba. Maji hushuka toka tangi la juu kwa mabomba, yanapita kwenye mashine, kisha pampu inayarudisha juu. Duka moja lilinishauri bomba moja tu la kushushia, "linatosha". Niliagiza matatu. La kwanza limejaa maji pima, halina hewa ndani, na kasi yake naipanga kwa koki. Bomba lililojaa halipigi kelele. La pili linapitisha maji kidogo. La tatu ni kavu, linasubiri siku konokono atakapoingia kwenye la kwanza na kuliziba. Na konokono huingia. Tangu hapo sebule yangu haina ile sauti ya choo kinachojaa ambayo wenye akwaria wengi wamezoea hadi hawaisikii tena.

Kabla hujaweka hata chembe ya chumvi, jaza maji ya bomba, washa pampu, kisha uchomoe umeme ghafla. Maji ya juu yatashuka mpaka usawa wa mdomo wa mabomba. Kwangu zilishuka lita 30 na kitu. Tangi la chini lazima lizimeze zote bila kufurika, na kama haliwezi, ni heri ulijue siku hiyo ambapo ndani kuna maji matupu.

Maji yenyewe tunayatengeneza. Ya bomba yanapitishwa kwenye chujio la osmosisi kinyume, yaani utando unaozuia madini, kisha kwenye kifuko cha rezini kinachonasa yaliyobaki, mpaka kipima madini kisome sifuri. Mtambo huu hupoteza maji mengi: kwa kila lita safi, kama lita tatu zinakwenda kwenye bomba la taka, nasi huzikinga kwa ajili ya mashine ya kufulia na bustani. Kisha chumvi. Inahitajika gramu 38 hadi 40 kwa lita ili kufikia kiwango cha bahari, yaani sehemu 35 kwa elfu, hivyo kulijaza tangi langu kulimeza kilo 25. Nilipomsimulia mjomba wangu wa Tanga kwa simu, alinyamaza kidogo, akauliza: "Mjomba, yaani huko Ulaya unanunua bahari kwa ndoo?" Sikuwa na jibu. Yeye akitoka mlangoni anaiona ya bure.

Sasa vifaa, na naanza na kile ambacho ningekinunua hata kama ningeuza baiskeli: kijazio cha maji, Tunze Osmolator 3155, karibu euro 200. Maji hukauka, chumvi haikauki. Hamburg wakati wa baridi, hita za nyumba zikiwaka, tangi langu linapoteza lita saba au nane kwa siku, na usipoyarudisha chumvi inapanda. Osmolator ina jicho la mwanga linaloangalia usawa wa maji na kuamuru pampu ndogo iongeze maji safi. Jicho likikosea, kuna boya la akiba juu yake linalokata pampu. Na pampu ikifanya kazi dakika 10 mfululizo, mtambo unajizima na kulia. Ulinzi wa tabaka tatu kwa bei hiyo ni haki. Jicho linahitaji kusafishwa, basi.

Hapa nina ushauri ambao sikupewa na muuzaji yeyote: pipa la maji safi lisiwe kubwa. Langu ni la lita 40. Wengi hununua la 100 ili wajaze mara chache. Lakini siku mtambo ukigoma na kumwaga pipa lote, lita 40 ndani ya 650 zinashusha chumvi kutoka 35 hadi 33, na matumbawe yanavumilia. Lita 100 zingeishusha hadi chini ya 31, ukiachilia mbali zulia.

Hita nazo nimezipanga kwa mantiki hiyo hiyo. Badala ya moja ya wati 600 nina mbili za wati 300, zote zikipitia kidhibiti cha nje kilichowekwa nyuzi 25. Hita zikifa, zipo zinazokufa zikiwa zimezimika, na zipo zinazoganda zikiwaka. Moja ya wati 300 peke yake haiwezi kuchemsha lita 650 kabla hujagundua. Kipozeo sikununua; kiangazi naelekeza feni juu ya maji, yanakauka zaidi na kupoa, na Osmolator inafidia.

Mawimbi yanaletwa na pampu mbili za VorTech MP40. Ni ghali, moja inazidi euro 400 ukinunua mpya, nami nilipata moja mpya na moja iliyotumika. Mota inakaa nje ya kioo na kuizungusha panga iliyo ndani kwa sumaku, kwa hiyo hakuna waya majini na joto la mota linabaki nje. Sababu yangu kuu lakini ni betri: mtengenezaji anauza betri ya akiba inayochukua kazi umeme ukikatika. Wenzangu wa Kijerumani walinicheka, hapa umeme haukatiki. Mtu aliyekulia kwenye mgao hacheki na umeme. Matumbawe na samaki wanaweza kukaa saa nyingi bila taa, lakini maji yakisimama oksijeni inakwisha haraka kuliko joto.

Kemia ndiyo iliyonifundisha kwamba vifaa vidogo vina thamani kuliko vikubwa. Kila baada ya siku chache napima alkalini, yaani kiasi cha kaboneti majini, kwa Hanna HI772, kipimo cha mfukoni cha kama euro 60: unatia maji, unatia dawa, kinasoma namba. Hakuna kubishana na macho kama rangi ni ya waridi au zambarau. Nalenga digrii 8 za ugumu wa kaboneti. Namba yoyote kati ya 7 na 9 inafaa, ilimradi uichague na ukae nayo. Matumbawe yalipokuwa machache, alkalini ilishuka kidogo sana na kubadilisha maji kulitosha. Yalivyokua ikaanza kushuka karibu digrii moja kwa siku. Kuirudisha digrii hiyo moja kwenye lita 650 kunahitaji gramu 20 hivi za bikaboneti ya sodiamu, ile ile soda ya kuokea keki, safi. Watu hununua chupa zenye majina makubwa, mara nyingi ndani kuna hiyo.

Natumia njia ya Balling, iliyopewa jina la Hans-Werner Balling: mchanganyiko wa kalsiamu, wa bikaboneti, na wa chumvi isiyo na kloridi ya sodiamu ili uwiano usipotee, pamoja na magnesiamu. Pampu ndogo yenye njia nne inadondosha dozi mchana na usiku, kidogo kidogo. Pampu yangu sitaitaja jina, kwa sababu mirija yake ya mpira ililegea kabla ya mwaka na njia moja ikawa inatoa pungufu bila kutoa taarifa yoyote. Alkalini iliyoteremka ndiyo iliyonishtua. Duka lilinitumia mipira mipya bila ubishi, ila tangu hapo kila mwezi naiachia kila njia imimine kwenye bomba la kupimia. Fanya hivyo hata kwa pampu ya bei mbaya, maana mpira ni mpira. Mara chache kwa mwaka napeleka pia kichupa cha maji maabara kwa posta, wanapima madini zaidi ya 30 kwa euro thelathini na kitu. Inafaa kwa yale ambayo huwezi kupima nyumbani, kama ayodini, au shaba ikiwa kuna sumaku inayoota kutu mahali.

Skima, mashine inayopuliza viputo vidogo hadi uchafu ugande kwenye povu na kumwagikia kikombeni, nilinunua ya daraja la kati na imetosha. Taa ni LED tatu; sina la kusema zaidi ya kwamba ukopeshwe kipima mwanga na chama cha wafugaji kabla hujaongeza nguvu, matumbawe mengi huungua kwa taa kali kuliko yanayokufa kwa giza.

Nilivyoviacha: kompyuta ya kudhibiti kila kitu, taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu majini, mtambo wa kuyeyusha kalsiamu kwa gesi ya kaboni dioksidi. Si vibovu. Kompyuta inapendeza ukisafiri sana, nami sisafiri.

Mawe niliyaweka makavu, nikasubiri wiki kadhaa bakteria wabadilishe amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, halafu nikavumilia miezi ya ute wa kahawia. Matumbawe mengi ni vipande nilivyopewa au kuuziwa na wafugaji wengine. Matumbawe yote magumu ya mawe yamo katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo ukinunua dukani omba karatasi zake. Samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaoishi na anemoni wamezaliwa kwenye matangi, na sioni sababu ya kununua waliovuliwa. Dukani pia huwa wanauza kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, tangi likiwa na kibandiko "Kenya". Kila nikimwona nasimama. Simnunui: ni samaki wa kukimbia, na anashambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa meupe. Mita moja na nusu haimtoshi.

Umeme unakula kama kilowati-saa 8 kwa siku, yaani kwa bei ninayolipa, euro 80 kwa mwezi. Chumvi, dawa za kupimia na vichujio vinaongeza 40. Kama bajeti yako ni nusu ya yangu, chukua tangi la lita 300 lenye kijazio, hita mbili na vipimo vizuri. Usichukue la 650 ukayapunguza hayo. Na agiza wavu wa kufunika juu pamoja na tangi, wa matundu ya milimita 6, kabla ya samaki. Wale wembamba wanaolala mchangani huruka usiku, nao hawachagui usiku ambao uko macho.