Leso ya mama imebaki kwenye kioo

Pembe za fremu niliyotengenezewa dukani sina neno nazo: mbao zimekutana hata kucha haipiti. Lakini hicho kioo!

Mchoro ni wa marehemu mama, alipomtembelea kaka yangu Ottawa mwezi wa kumi. Amesimama chini ya miti iliyogeuka nyekundu na manjano, leso yake ya bluu juu ya koti la kuazima. Vuli ya huko ni majani kupukutika, si mvua na matope kama yetu. Mchoraji aliipaka leso kwa kisu, rangi nene mpaka mikunjo inasimama. Akanionya: rangi ya mafuta haikauki kama ya maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayageuki mvuke, huvuta hewa na kuganda polepole. Juu unaona pamekauka, ndani bado, na penye unene huenda ikachukua miezi. Nayo Nairobi ilikuwa kwenye ile baridi ya Julai.

Haya yote nilimweleza kijana wa kaunta kwenye duka la fremu, huku Ngara. Macho hayakutoka kwenye simu. Akagusa anga kwa kidole, penye rangi nyembamba kabisa, akasema, "Madam, imekauka." Nikamwomba asiweke kioo, au basi aweke vijiti vya kukitenga na rangi. Akamgeukia mteja mwingine, wakacheka.

Wiki kadhaa baadaye nikaona doa linang'aa kama maji. Nikairudisha. Kioo kilipobanduliwa kililia kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Leso ikabaki kwenye kioo, na vidole vya mkono wa kushoto. Kijana akasema kosa ni la mchoraji. Neno pole halikumtoka.

Mzee fundi ndiye aliyetoka nyuma, akajipangusa vumbi la mbao, akautazama mchoro kwa muda mrefu. "Pole sana, mama. Hawakuniuliza." Akatengeneza fremu upya, bila kioo, akakataa pesa yangu.

Kwa hiyo nilitaka kuandika: nendeni, ila mtafuteni mzee. Mikono yake ni ya dhahabu. Lakini kumfikia lazima upite kaunta, na kaunta ndiko mama yangu alikochekewa. Hapana. Msiende.

Kioo nimekibeba nyumbani, nimekifunga kwa gazeti. Mchoraji anasema leso ataipaka tena. Vidole sijampa ruhusa bado.